Kwa Nini Kaktasi ya Krismasi ya Mama Inachanua Julai

Mwaka juzi mama alinitumia picha kwa WhatsApp kutoka Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Chungu chake kilikuwa barazani, na matawi yote yameinama kwa maua ya waridi yanayoning'inia kama hereni. Chini ya picha ameandika: "Mwanangu, si uliniambia hii ni ya Krismasi? Leo tarehe 9 Julai imechanua yote." Siku hiyohiyo ya kwangu hapa Leeds, Uingereza, ilikuwa kijani kitupu, yenyewe huchanua Desemba. Na shangazi yangu wa Dar es Salaam, ambaye mama alimkatia kipande kutoka chungu hichohicho, alikuwa anaumwagilia mmea wake mwaka wa tatu bila kuona hata tumba moja.

Nilimwahidi mama kwamba nitamweleza, na maelezo yalinichukua muda kuliko nilivyodhani. Ushauri unaosambaa kuhusu mmea huu umeandikwa zaidi na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya majirani zao. Utaambiwa uuweke gizani kuanzia mwisho wa Septemba, upunguze maji Februari, uutoe nje mwezi wa sita jua likipata nguvu. Mtu wa Machame akifuata hayo neno kwa neno atachanganyikiwa, na wa Dar atakata tamaa. Ila ukishajua mmea wenyewe unangoja nini, unaweza kujitungia ratiba popote ulipo.

Kwanza, neno kaktasi limewaponza wengi. Ukilisikia unawaza mpungate: miiba, jua la utosi, mchanga mkavu, maji kwa nadra. Kaktasi ya Krismasi asili yake ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, hasa jimbo la Rio de Janeiro, kwenye safu ya Serra dos Órgãos na milima jirani. Huko ni msitu wa mvua na ukungu. Mmea haukai ardhini. Unaota juu, kwenye panda za matawi makubwa au kwenye nyufa za miamba, mizizi yake ikijishikiza kwenye tabaka jembamba la majani yaliyooza. Mti haunyonywi chochote. Mmea umepanga tu pale, na chakula chake unakipata kwenye takataka za msitu na maji ya mvua yanayopita.

Maisha hayo ya juu ya mti yanaeleza karibu kila kitu ambacho utaambiwa kuhusu kuutunza. Mvua inanyesha mara kwa mara, kwa hiyo mmea haujazoea ukame wa miezi. Lakini maji yakinyesha yanachuruzika na kwenda zake, kwa hiyo mizizi haijazoea kukaa ndani ya tope. Jua linafika likiwa limechujwa na majani ya juu, ndiyo maana ukiuweka kwenye jua kali la mchana pingili zake zinageuka rangi ya zambarau nyekundu na hatimaye kuungua. Kwenye maua yake hunywa ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika ambao kwetu kazi yao inafanywa na chozi. Hata umbo la ua, mrija mrefu uliolala, limekaa kwa ajili ya mdomo wa ndege.

Waliopita kwenye misitu ya milima yetu huenda wameshamwona binamu yake bila kumtambua. Kuna mmea unaoning'inia kwenye miti kama kamba nyembamba za kijani, na una matunda madogo meupe kama shanga. Wataalamu wanauita Rhipsalis baccifera. Ni kaktasi kamili, wa ukoo mmoja kabisa na hii ya Krismasi, na ndiyo spishi pekee ya kaktasi inayoota kiasili nje ya Amerika. Afrika ya Mashariki nayo imo katika makao yake. Mipungate yote unayoiona barani Afrika ililetwa na watu. Na ile mimea yetu minene yenye miiba ambayo wengi huiita kaktasi, pamoja na mnyaa wa kwenye ua wa nyumba, si ya ukoo huu hata kidogo. Ikwaruze tu: ikitoa maziwa, karibu kila mara hiyo ni jamaa ya mnyaa, na maziwa yake ni hatari kwa macho. Kaktasi ya Krismasi haina maziwa wala miiba ya kuchoma, na haina sumu kwa mtoto wala kwa paka.

Napenda kukumbuka, kila ninapofuta vumbi dirishani, kwamba safari hizi zilikwenda pande zote. Pembeni ya kaktasi yangu ya Brazili kuna urujuani wa Usambara, lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892 kutoka milima ya Tanga, na sasa liko madirishani kote Ulaya. Mimea yote miwili imezoea kivuli cha msitu wa mlimani. Inaelewana vizuri sana kwenye dirisha moja.

Mimea mitatu, jina moja

Kinachouzwa kwa jina la kaktasi ya Krismasi ni mimea mitatu tofauti, na inafaa ujue wako ni upi kabla hujauliza kwa nini umechelewa au umewahi.

Tazama kingo za pingili. Hizo pingili bapa zinazoungana kama mnyororo watu huziita majani, lakini ni shina. Mmea huu hauna majani, na shina lake ndilo lililobeba kazi ya kutengeneza chakula. Pingili ikiwa na meno makali yanayochongoka pembeni, kama makucha, huo ni Schlumbergera truncata. Katika nchi za kaskazini huchanua Novemba, na Marekani wanauhusisha na Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Pingili ikiwa na kingo za mviringo zilizopindapinda kama mawimbi, huo ni Schlumbergera × buckleyi, kaktasi ya Krismasi hasa, nao huchelewa wiki kadhaa zaidi. Ukiwa bado na mashaka, ngoja ua lifunguke utazame chavua: ya wenye meno ni ya manjano, ya ule mwingine inaelekea zambarau. Wa tatu ni kaktasi ya Pasaka. Kingo zake nazo ni za mviringo, lakini ncha ya pingili ina vinyweleo vigumu vifupi, na ua lake limefunguka kama nyota badala ya kuwa mrija. Huchanua majira ya kuchipua ya kaskazini.

Historia yenyewe si ndefu. Adrian Hardy Haworth, Mwingereza, ndiye aliyeueleza ule wenye meno kisayansi mwaka 1819, wakati mmea ulikuwa umeshaanza kulimwa Ulaya. Mwaka 1837 George Gardner akakuta spishi nyingine kwenye Serra dos Órgãos, ile iitwayo russelliana. Katikati ya karne ya 19 mkulima wa maua aitwaye William Buckley, Uingereza, akazichanganya hizo mbili, na mchanganyiko huo ndio unaobeba jina lake. Jina la Schlumbergera lilitolewa na Mfaransa Charles Lemaire mwaka 1858 kumheshimu Frédéric Schlumberger, aliyekuwa mkusanyaji wa kaktasi. Leo madukani utakuta zaidi wenye meno, hata kama kibandiko kimeandikwa Krismasi. Unasafirishika vizuri na unawahi sokoni, basi wauzaji wanaupenda.

Sasa sikiliza Wabrazili wenyewe wanavyouita: flor-de-maio, yaani ua la Mei. Kwao, ambako ndiko kwao mmea, unachanua mwezi wa tano. Krismasi ni jina ulilopewa na wageni waliouchukua.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hili kwa mti mwingine. Ule mti wenye maua mekundu kama moto unaofunika barabara za miji yetu mwezi wa Desemba, tunauita mkrismasi. Asili yake ni Madagaska. Kule Miami, Marekani, mti huohuo huwaka mwekundu kuanzia Mei na Juni, na hakuna anayeuhusisha na Krismasi. Kila mahali watu walitazama kalenda yao wakauita mmea kwa sikukuu iliyokuwa karibu, wakati mmea ulikuwa unafuata majira.

Tumbaku iliyofungiwa gizani

Mmea unayajuaje majira? Jibu lilitoka kwenye shamba la utafiti la Wizara ya Kilimo ya Marekani, karibu na Washington. Wightman Garner na Henry Allard walikuwa na tumbaku ya aina iitwayo Maryland Mammoth. Ilikua mirefu ajabu wakati wote wa kiangazi, lakini ikakataa kutoa maua shambani. Ikihamishiwa ndani ya banda la kioo majira ya baridi, inachanua. Walijaribu kubadilisha mambo mengine, haikusaidia. Mwaka 1918 wakachukua vyungu, wakawa wanaviingiza kwenye kibanda chenye giza kila alasiri katikati ya kiangazi na kuvitoa asubuhi, wakiifupisha siku kwa nguvu. Tumbaku ikachanua. Mwaka 1920 walichapisha matokeo: kuna mimea inayochanua kwa kufuata urefu wa mchana.

Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner, wakitumia gugu moja la shambani, wakaonyesha kwamba kinachopimwa zaidi ni usiku. Ukikatisha mchana kwa dakika chache za giza, mmea haujali. Ukikatisha usiku kwa dakika chache za mwanga, hesabu yote inaharibika na mmea unaona kama ulikuwa na usiku mfupi. Baadaye ikapatikana rangi iliyomo ndani ya mmea inayofanya kazi hiyo, faitokromu. Mwanga unaigeuza upande mmoja, giza linairudisha taratibu, na kwa kushirikiana na saa ya ndani ya mmea inaujulisha kama usiku umekuwa mrefu wa kutosha. Usiku ukiwa mrefu mfululizo, ujumbe unapelekwa kwenye ncha za pingili: acheni kutoa pingili, toeni matumba.

Kaktasi ya Krismasi ni wa kundi hilo. Katika joto la kawaida la nyumba, nyuzi 15 hadi 20 hivi usiku, unahitaji usiku wa saa 13 au 14 za giza lisilokatishwa, kwa wiki tatu hadi sita. Wakulima wa biashara wanaitumia siri hiyohiyo kinyumenyume: wakitaka mimea ikue bila kuchanua, wanawasha taa saa chache katikati ya usiku.

Lakini giza ni nusu ya habari, na hapa ndipo maelezo mengi yanaishia mapema. Mmea huu unasikiliza baridi pia. Usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au 13, unatoa matumba hata kama usiku si mrefu. Na usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, giza la saa 14 linaweza lisizae kitu. Baridi inaweza kufidia upungufu wa giza. Giza haliwezi kufidia joto lililozidi.

Mwaka wangu wa kwanza na mmea huu niliyaona haya bila kuyaelewa. Chungu kilikaa sebuleni, ambako taa na televisheni huwaka hadi saa tano au sita usiku. Upande wa ndani haukutoa kitu. Upande uliokuwa umegusa kioo cha dirisha ulitoa matumba saba. Taa ilikuwa ileile kwa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ubaridi wa kioo.

Sasa turudi kwenye nyumba zetu tatu.

Leeds iko kaskazini sana. Katikati ya Oktoba usiku umeshapita saa 13, na mwishoni mwa Desemba unapita saa 16. Giza limejaa, kinachonitosha ni kukiweka chungu kwenye chumba cha wageni kisichowashwa taa wala kipasha joto, kuanzia mwisho wa Septemba. Matumba yanaonekana Novemba, na Krismasi ua liko tayari. Ushauri wa vitabu umeandikwa kwa ajili ya nyumba kama hii.

Machame iko digrii tatu hivi kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya usiku mrefu kuliko wote, Juni, na mfupi kuliko wote, Desemba, ni dakika 22 hivi tu. Hakuna usiku wa saa 13 hata mmoja mwaka mzima. Kilichopo ni kipupwe. Kuanzia Juni, hewa inashuka kutoka mlimani, mama anatoa masweta, na barazani usiku unafika kwenye zile nyuzi kumi na kitu ambazo mmea unazipenda. Matumba yanatoka Juni, maua Julai. Na kwa kuwa Machame na Serra dos Órgãos zote ziko kusini mwa ikweta, miezi ya baridi ni ileile: mmea wa mama uko karibu na kalenda ya kwao Brazili kuliko wangu. Usiku wa Mei kwenye milima ya Rio unakaribia saa 13 na baridi imeanza. Nilimwandikia mama kwamba mmea wake haujakosea. Wa kwangu ndio ulio ugenini.

Halafu Dar. Nilipopiga hesabu nilishangaa, maana Dar es Salaam, ikiwa karibu digrii saba kusini, ina usiku wa Juni mrefu kidogo kuliko wa Machame. Ingekuwa ni giza peke yake, shangazi angemtangulia mama. Ila chungu cha shangazi kilikuwa ndani, kwenye chumba chenye kuta za tofali za saruji zinazotunza joto la mchana mpaka alfajiri, taa ya ukutani ikiwaka nusu ya usiku. Mmea ulikuwa na afya tele. Haukuwahi kusikia baridi.

Mama alinibana: je, anaweza kuupata Desemba, kwa ajili ya meza ya Krismasi? Anaweza, ila kwa kazi. Kuanzia katikati ya Septemba aufunike kwa boksi gumu lisilopitisha mwanga kila siku saa 11 jioni, alifunue saa 1 asubuhi, saa 14 kamili, kwa wiki sita bila kuruka siku. Mchana mmea uwe kwenye mwanga mzuri, usiku sehemu yenye ubaridi. Na pingili changa sana zilizo nchani, zile laini ambazo hazijafika urefu wa sentimita moja, azichomoe kabla ya kuanza, kwa sababu hazitoi matumba. Alifikiri kidogo akasema Julai wajukuu wako likizo, ua likae hukohuko.

Maji, udongo na ndizi

Kumwagilia nakueleza kwa kidole. Kichomeke kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Pakiwa na unyevu, acha. Ratiba ya "kila Jumamosi" haifai, kwa kuwa chungu cha Machame wakati wa masika na cha Leeds mbele ya kipasha joto havikauki kwa kasi moja. Mmea ulionunuliwa kama zawadi mara nyingi umefungwa karatasi ya kung'aa. Ivue siku hiyohiyo, au itoboe chini, kwa sababu inashikilia maji kama ndoo.

Pingili zikinywea na kukunjamana, mkono hukimbilia kopo la maji. Zuia mkono. Kunywea kuna sababu mbili zilizo kinyume kabisa: kiu, au mizizi iliyooza ambayo haiwezi tena kunywa ingawa maji yapo. Gusa udongo. Ukiwa mkavu, mwagilia, na baada ya siku mbili tatu pingili zitajaa. Ukiwa na unyevu, chomoa mmea uone mizizi. Ikiwa ya kahawia, laini, yenye harufu, ukungu umeshaingia, na kuongeza maji ni kuumaliza. Kata pingili nzima za juu, zile ngumu zenye rangi nzuri, uzipande upya. Chini tupa, pamoja na udongo wake.

Udongo uwe mwepesi. Mama anachanganya udongo mweusi wa chini ya migomba, changarawe ndogo, na makumbi ya nazi aliyoyaosha na kuyakatakata. Mimi natumia udongo wa dukani na theluthi moja ya perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) na vipande vya magome. Vyote vinafanya jambo moja: maji yapite na hewa ibaki. Chungu kisiwe kikubwa; mmea huu unachanua vizuri mizizi ikiwa imebanana, na kuuhamisha kila mwaka ni kuusumbua. Miaka miwili au mitatu inatosha, na ufanye baada ya maua kuisha. Mbolea ya maji ya kawaida, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati pingili mpya zinatoka. Isimamishe wiki kadhaa kabla ya majira yako ya matumba. Baada ya maua, upe mapumziko ya mwezi hivi kwa kupunguza maji bila kuukausha.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya pingili, hao ni wadudu. Futa kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila wiki mpaka waishe.

Kinachowaumiza watu kuliko yote ni matumba kudondoka. Umesubiri miezi, matumba yamejaa, asubuhi unayakuta yametapakaa chini. Sababu ya kawaida ni badiliko la ghafla: chungu kimehamishwa kutoka chumba cha ubaridi na mwanga hadi chumba cha joto na giza, au kimewekwa karibu na mlango unaopuliza upepo, au udongo ulikauka kabisa kisha ukafurikishwa. Matumba yakishatokea, kiache chungu kilipo, na maji yawe ya wastani bila kuruka.

Sababu nyingine watu wachache wanaifikiria: matunda yanayoiva. Ndizi ikiiva inatoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayofanya mkungu uliofukiwa au kufunikwa uive kwa pamoja. Kaktasi ya Krismasi inaihisi hata ikiwa kidogo, na matumba yake yanaachia. Nyumba ya Machame isiyo na ndizi sijawahi kuiona, ndiyo maana chungu cha mama kiko barazani na mkungu uko jikoni.

Kuongeza mmea ni kazi rahisi, na hapa sihitaji kumfundisha mama kitu. Zungusha kwa vidole kipande chenye pingili mbili hadi nne, kiache kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha kichomeke sentimita mbili kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki kadhaa ukikivuta taratibu kinagoma, mizizi imeshika. Mmea unaotunzwa unaishi miongo, na wangu ulitokana na wa bibi jirani hapa Leeds, aliyeupata kwa mama yake.

Shangazi nilimwambia asihangaike na maboksi. Joto likiwa ndilo kizuizi, boksi linaongeza joto. Autoe tu nje Juni mosi, chini ya mwembe, mbali na taa ya ulinzi, mahali upepo wa usiku unapopita. Juni na Julai usiku wa Dar nje ya nyumba hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na pamoja na zile dakika chache za giza za ziada kuna nafasi. Nilimwambia wazi kwamba ni nafasi tu, pwani si mahali mmea huu ungechagua.

Mwaka jana alifanya hivyo. Mwanzoni mwa Agosti akanipigia simu, sauti juu: matumba manne, kwenye upande unaotazama ukuta wa baridi. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, akakiingiza chungu sebuleni, kwenye meza, pembeni ya sinia la ndizi mbivu. Jumatatu mawili yalikuwa chini. Mawili yalifunguka, ya waridi kama ya mama. Mwaka huu amesema wageni watapelekewa viti chini ya mwembe.